Darubini Niliyobadilisha na Mtamba

Katika nyumba yangu kuna darubini tatu, na hakuna hata moja iliyowahi kunionyesha kitu nilichoinunulia. Mbili za kwanza niliuziwa na watu nisiowajua. Hao siwalaumu sana. Mtu usiyemjua akikudanganya ni kama mvua imekukuta njiani: unalowa, unafika nyumbani, unabadilisha shati. Ya tatu niliipata kwa mtu wa rika langu, mtu tuliyekaa naye menjo moja, na kwa jambo hilo shati la kubadilisha sijalipata.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, menjo ni nyumba ya kando ambamo vijana wa Kipsigis hukaa baada ya kutahiriwa, wakipona na kufundishwa. Mnaoingia pamoja mnatoka mkiwa zaidi ya ndugu. Ya ndani sitaandika, maana hayaandikwi. Ninachoweza kusema ni kwamba tuliingia saba, likizo ya Desemba nilipokuwa kidato cha pili, na leo tumebaki wawili: mimi hapa karibu na Kiptere kwenye shamba langu la chai, na yeye kule Ndanai anakofuga. Wengine watano tumewazika, na kila tulipozika mmoja, mimi na yeye tulisimama bega kwa bega kaburini. Nilizoea kufikiri kwamba mmoja wetu akitangulia, mwingine ndiye atakayebaki kujua alikuwa mtu wa namna gani. Hilo ndilo lililoharibika.

Hamu yenyewe ilianzia shuleni. Mwalimu wetu wa jiografia alichora Zohali ubaoni, sayari yenye pete, kisha akageuka akasema kwamba kwa darubini nzuri pete hiyo inaonekana hata ukiwa umesimama mlangoni kwenu. Alisema hivyo kama mtu anayesema duka liko pale ng'ambo, akaendelea na somo. Mimi sikuendelea. Nilimaliza kidato cha nne, nikaajiriwa kiwandani katika sehemu ya kukaushia majani, nikaoa, nikasomesha watoto, na miaka yote hiyo nilikuwa nikitoka nje jioni kuangalia juu kama mtu anayesubiri mgeni. Mke wangu alizoea. Majirani zake walipomuuliza, alijibu kwamba mzee anaangalia kama kesho watachuma.

Mtoto wa mwisho alipomaliza masomo, nikajiambia sasa ni zamu yangu.

Kila mkulima wa chai anajua kinachotokea bonasi ya mwaka ya kiwanda ikitoka. Kituo cha kupimia majani, ambacho siku nyingine kina watu, magunia na mizani tu, hugeuka soko. Zinafika pikapu za blanketi, za sufuria, za magodoro, za redio zenye taa mbele na nyuma. Mwaka huo ilifika moja yenye vitu vya jua na betri, na juu ya betri, katika sanduku lenye picha za nyota za rangi zote, kulikuwa na darubini. Muuzaji alinisoma kabla sijafungua mdomo.

"Mzee, kuja uangalie. Kuangalia ni bure."

Aliielekeza kwenye bomba la moshi la kiwanda, ng'ambo ya bonde. Nikaona matofali. Nikaona mpaka kutu ya ngazi. Nilinunua pale pale, saa sita mchana, jua likiwaka, na sikujiuliza hata mara moja kwa nini nilikuwa ninajaribu kitu cha usiku kwa kuangalia bomba la moshi.

Ile darubini ilikuwa na stendi ya miguu mitatu, myembamba kama miguu ya ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo. Ukiigusa ilitetemeka. Ukipumua karibu nayo ilitetemeka. Mwezi ulipita ndani yake ukirukaruka kama mpira, na nyota zilikuwa mistari. Nilifunga stendi kwa kamba kwenye nguzo ya ua, nikaweka mawe, nikakaza skrubu mpaka moja ikakatika.

Ya pili niliagiza kwa simu. Nilisoma maelezo kwa siku nyingi, nikalinganisha, nikajiona mtu mwerevu kwa sababu safari hii sikununua kwa macho bali kwa akili. Ilikuja na lenzi ya ziada ambayo ilidaiwa kuvuta kila kitu mara tatu zaidi. Ilivuta kweli. Ukungu mdogo ukawa ukungu mkubwa.

Na hapa lazima niseme kosa ambalo ni langu peke yangu, ambalo hakuna muuzaji aliyenifanyia. Tunaishi mahali ambapo mvua hushuka karibu kila alasiri, na wingu likishuka halina haraka ya kuondoka. Ndiyo sababu chai inamea hapa. Mvua inayonipa bonasi ndiyo inayoninyima nyota, na hilo nililijua tangu nikiwa mtoto nikichunga ng'ombe nikiwa nimejifunika gunia. Tena upande wa kusini wa shamba nilipanda mikaratusi kwa mikono yangu ili niuzie kiwanda kuni, na ilipokua ikakata nusu ya anga. Mtu mwenye akili angekata miti au angeachana na nyota. Mimi nilifikiri kinachokosekana ni darubini nzuri zaidi.

Basi tukaenda kumzika wa tano. Ilikuwa upande wa Siongiroi, kukavu kuliko kwetu, anga imefunguka kama shuka iliyoanikwa. Baada ya maombi, watu wakiwa kwenye chakula, rika langu alinivuta kando. Yeye alikuwa dereva wa meneja mmoja mzungu katika mashamba makubwa ya chai, miaka mingi, mpaka yule mzungu alipostaafu na kurudi kwao.

"Nasikia unanunua vitu vya kuangalia juu," akasema.

"Nani amekuambia?"

"Bibi yako aliambia bibi yangu. Alikuwa analia au anacheka, sikuelewa vizuri." Akacheka yeye. "Sasa mbona unanunua takataka kwa barabara na mimi niko? Bosi aliniachia yake. Iko kwa nyumba."

"Darubini?"

"Rika, ile si darubini, ile ni mzinga. Urefu ni kama mimi. Ndani iko na kioo kama sahani ya ugali. Hiyo ndiyo alikuwa ananionyesha nayo pete."

"Wewe umeona pete?"

"Mara mingi."

"Ikoje?"

Alitazama mbali kidogo. "Ni kama kofia mtu ameinamisha upande mmoja," akasema, "lakini ukingo wake haujashika kichwa. Umezunguka tu peke yake."

Sijui nieleze vipi maneno hayo yalivyoniingia. Yalikaa ndani yangu moja kwa moja, kama yalikuwa na nafasi yao tayari. Niliona wivu, nasema ukweli. Tumesimama kando ya kaburi bichi la mwenzetu na mimi ninamwonea wivu dereva wa mzungu kwa sababu ameona kofia. Nilimwambia naitaka. Akasema yeye hawezi kuniuzia, mtu haambii rika lake bei. Lakini amesikia nina mtamba mzuri.

Nilikuwa naye kweli, mtamba wa Friesian, ana mimba ya kwanza. Mke wangu alimlea kwa chupa mamake alipokosa maziwa. Alikuwa akimfuata jikoni.

Kwetu watu wa menjo moja wakibadilishana kitu, hawakikagui. Ukimpa rika lako ng'ombe, hafungui mdomo wa ng'ombe kuangalia meno, wala hamshiki kiwele, wala hamuulizi anakula nini. Kufanya hivyo mbele yako ni sawa na kukuita mwizi. Mnapeana, mnakunywa chai, mnazungumza habari nyingine. Nimefanya hivyo maisha yangu yote na sijawahi kujuta. Nimewahi hata kumpa mmoja wetu, marehemu sasa, fahali ambaye pembe yake ilikuwa na ufa, lakini nilimwambia kabla hajauliza. Hiyo ndiyo heshima yenyewe: asiyekagua anamwachia mwenzake kazi ya kusema ukweli.

Alikuja na gari la kukodi siku ambayo mke wangu alikuwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Siku hiyo niliichagua mimi. Sikumwambia mke wangu kwa sababu nilijua atasema nini, na nilijua kwamba atakuwa amesema kweli. Darubini ilikuwa ndani ya sanduku refu la mbao, limefungwa kwa gunia na kamba za katani. Tuliliteremsha wawili, tukihema kama watu wa umri wetu. Mtamba alipanda garini bila shida, alikuwa mpole. Rika langu hakumwangalia meno. Mimi sikufungua kifuniko. Tulikunywa chai na tukazungumza juu ya goti lake.

Mke wangu alirudi saa kumi.

"Mzee, mtamba ako wapi?"

"Ameenda Ndanai."

"Kufanya nini Ndanai? Kutembea?"

Nikamwonyesha sanduku. Alilitazama, akalizunguka, akakaa juu yake kama mtu anayekaa kwenye benchi.

"Baba watoto," akasema polepole, "umebadilisha ng'ombe na bomba?"

Alisema tu hivyo. Siku hiyo alilala chumba cha watoto, na kwa wiki nyingi alinipikia, akanipakulia, akaniita vizuri mbele ya wageni, lakini hakutaja tena yule mnyama. Ningependa angepiga kelele.

Mvua ilinyesha mfululizo. Sanduku likakaa sebuleni. Kwenye kituo cha majani habari zilikuwa zimefika. Wanawake waliokuja na vikapu walikuwa wakinipisha kwa heshima ya uongo.

"Mzee, umeona malaika?"

"Bado."

"Ukiwaona waulize bei ya majani itapanda lini."

"Waache mzee. Anatafuta mtamba wake, alipaa."

Nilicheka nao. Nilikuwa na sababu ya kucheka: nilijua kilichomo sandukuni. Nilijua kwa sababu mtu wa menjo yangu aliniambia.

Januari anga ikafunguka. Zohali ilikuwa magharibi, juu ya kilima, ikionekana mara tu giza lilipoingia, nyota ya rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, isiyomemeteka. Niliitambua kwa sababu nilikuwa nimeifuata kwenye simu kwa miezi. Nilitoa darubini sandukuni nikaisimamisha uani, na kabla ya kulenga nilimwita mke wangu. Nilitaka awe wa kwanza. Nilifikiri akiona pete atanisamehe. Alikuja na leso mabegani, mikono bado ina unga.

Nililenga kwanza ili nimpishe ikiwa tayari. Niliona doa. Nilizungusha kitasa, doa likawa kubwa; nikarudisha, likawa dogo, halafu likawa kubwa tena. Lilikuwa kama taa ya lori ndani ya ukungu wa asubuhi, na kuzunguka taa hiyo mikwaruzo ya mwanga, mamia, imejipinda yote upande mmoja. Nilifuta lenzi kwa shati. Nikabadilisha lenzi. Mke wangu alisimama akingoja, na ule uvumilivu wake ulinichoma zaidi kuliko kama angecheka.

"Wacha niangalie hata hiyo," akasema mwishowe. Aliinama, akafunga jicho moja kwa mkono. Alikaa kidogo.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Naona mtu hajaosha kitu vizuri."

Alikuwa amesema ukweli bila kujua. Asubuhi, kwa mwanga wa jua, nilifungua nyuma ya lile bomba nikatoa kioo. Kilikuwa kikubwa kama alivyosema, kama sahani ya ugali. Lakini uso wake ulikuwa umesuguliwa. Si vumbi, si ukungu: umesuguliwa, kwa duara, kutoka katikati kwenda pembeni, jinsi mwanamke anavyosugua sufuria iliyoungua. Kwenye ukingo, mahali ambapo mkono haukufika, bado kulikuwa na ukanda mwembamba wa kung'aa, na ndani ya ukanda huo niliona jicho langu vizuri kabisa. Katikati sikuona hata pua. Na kwenye mfereji uliokizunguka kioo kulikuwa na jivu lililokauka.

Nilikipeleka Kericho mjini kwa fundi mmoja anayekata vioo vya madirisha na kubadilisha vioo vya pembeni vya magari. Alikigeuza mara mbili.

"Mzee, hii ni ya gari gani?"

"Si ya gari. Ni ya kuangalia nyota."

"Ilipata ajali?"

"Ilioshwa."

Akakirudisha mkononi mwangu kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha mtoto mgonjwa ambaye si wake. Alisema fedha ya juu imetoka, na kioo chenyewe kimechimbika, na kwamba hata angejua mahali pa kukipaka upya, hawezi kuondoa mashimo. "Nani aliosha?" akauliza. Nilikuwa najua jibu njia nzima kutoka nyumbani, lakini nilikuwa sitaki kulisema kwa sauti mbele ya kijana wa vioo.

Mke wangu alisema nimpeleke kwa chifu. Nikamwambia mtu wa menjo hapelekwi kwa chifu. Kukiwa na jambo kati ya wawili, wengine wa menjo hiyo wanaketi, wanasikiliza, wanasema nani amekosa, na mkosaji analeta pombe au mbuzi na jambo linakwisha. Hivyo ndivyo tulivyofanya miaka yote.

"Sawa," akasema. "Waite waketi."

Ndipo nilipofahamu. Niwaite akina nani? Wote wamelala. Mahakama yangu yote ilikuwa chini ya udongo, na aliyebaki kuhukumu alikuwa mshtakiwa.

Nikaenda Ndanai mwenyewe. Nilimkuta akitoka kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe, buti zimejaa matope, na alifurahi kuniona, furaha ya kweli. Hilo nalo liliniumiza. Mtamba wangu alikuwa zizini. Alikuwa amezaa. Aligeuza kichwa aliposikia sauti yangu.

"Nimefungua kioo," nikamwambia kabla hatujaketi.

Furaha ikashuka usoni mwake kidogo kidogo. "Iko na shida?"

"Ulikisugua na nini?"

"Kilikuwa na kitu kama kuvu. Kimekaa kwa stoo ya bosi, halafu kwa dari yangu. Singekupea kitu chafu, rika."

"Na nini?"

"Jivu," akasema. "Na ile waya ya sufuria. Mama watoto alisema jivu halikwaruzi."

"Ulipomaliza uliangalia ndani?"

Akaanza kukwangua matope kwenye buti.

"Ulipomaliza, ulijiona ndani ya kile kioo au hukujiona?"

"Sikujiona vizuri."

"Na ukaniletea."

"Nilifikiri labda kwa nyota iko tofauti." Alisema hivyo akiangalia buti zake. Alikuwa dereva kwa miaka mingi. Aliosha vioo vya gari kila asubuhi. Alijua. Na mimi nilijua kwamba alijua, na tulikaa na hilo kati yetu kama mtu wa tatu.

Ningeondoka hapo labda ningekuwa nimemsamehe. Jivu ni ujinga, na mimi ujinga wangu ninao. Lakini niliuliza swali moja zaidi. Nilitaka kubaki na kitu, nadhani. Nilitaka anieleze pete tena, kwa sababu hata kama mimi sitaiona, angalau mmoja wa menjo yetu aliiona.

"Niambie ile siku bosi alikuonyesha."

Mke wake alitoka na chai, akaona sura zetu, akaiweka akarudi ndani.

"Hakunionyesha," akasema. "Walikuwa wanaangalia na wageni wake, kwa nyasi, mimi nangoja kwa gari. Mara moja niliuliza kama naweza kuangalia. Alisema kesho. Hiyo kesho haikufika."

"Na kofia? Ukingo haujashika kichwa?"

"Hiyo ni wewe."

"Mimi?"

"Menjo. Ulikuwa unatuambia usiku, tukikosa usingizi. Mwalimu amesema hivi, mwalimu amesema vile. Wewe ndiye ulisema ni kama kofia imeinama, ukingo haujashika kichwa. Mimi sikusahau."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Kijana wa kidato cha pili alikuwa amelala chini pamoja na wenzake sita, wote wana maumivu, akawapa kitu alichokuwa nacho, picha ya ubaoni. Na mmoja wao akakihifadhi miaka yote hiyo, akanirudishia siku ya mazishi, kwa bei ya ng'ombe. Ningeweza kufurahi kwamba alikumbuka. Watu niliowasimulia baadaye, wachache, wameniambia ningepaswa kufurahi. Sikufurahi. Nilihisi kama mtu aliyeingiziwa mkono mfukoni gizani na ndugu yake. Kioo kilikuwa cha mzungu, akiharibu akisugue. Lakini yale maneno yalikuwa yangu, na ya wale watano waliokufa wakiyajua.

Sikunywa chai. Kwetu hilo ni kubwa kuliko tusi.

Tulikaa bila kusemezana karibu mwaka. Akipiga simu sikushika. Kama ni kufa, nilijiambia, tutakufa hivi. Nilimuuliza mke wangu siku moja kama anadhani nimekosea, akajibu kwamba yeye alikosewa na watu wawili, na mimi nimemsusia mmoja tu. Nilielewa. Siku hiyo nilimwomba msamaha juu ya mtamba, kwa maneno yaliyonyooka, jikoni, nikiwa nimesimama. Akasema nimechelewa lakini nimefika.

Halafu mke wa rika langu ndiye aliyepiga, kwa simu ya mke wangu. Mjukuu wao, msichana waliyemlea wenyewe baada ya mamake kufariki, anaposwa. Upande wa kijana unakuja kwa koito, siku ya kuzungumza mahari. Na katika koito, kabla mambo ya ng'ombe hayajatajwa, wageni hutaka mtu wa rika la mzee asimame aseme: nyumba hii naijua. Wakikosa mtu huyo wanajiuliza kwa nini. Hakuna mwingine ila mimi.

Nilikataa. Nikakubali. Nikakataa tena asubuhi ile nikiwa nimeshavaa koti. Mke wangu alinishika kola, akainyoosha.

"Si yeye anaolewa," akasema.

Sebule yao ilikuwa imejaa. Wageni walikaa upande mmoja, wamevaa suti, wana nyuso za watu waliokuja kukagua. Msemaji wao alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye sauti ya darasani. Rika langu alikaa kona, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na hakuinua macho nilipoingia. Tulipewa mursik, maziwa ya kugandishwa kibuyuni. Nilijua maziwa hayo yalitoka kwa nani, nikanywa.

"Tumesikia kuna mzee wa menjo moja na mwenye boma," msemaji akasema. "Tungependa kusikia kwake. Mzee huyu akisema neno, ni neno?"

Hakuuliza juu ya msichana. Aliuliza juu ya rika langu.

Nilisimama. Goti langu lilikuwa linauma, na nilimwona msichana kwenye mlango wa jikoni na sinia mkononi, hajui achukue hatua au asimame. Nilikuwa na jibu la kweli. Nilikuwa nimelibeba mwaka mzima. Niliwaangalia wale watu wa suti, nikafikiri: hawa hawatafungua kifuniko, watachukua nitakachowapa.

"Nimemjua kabla hajaota ndevu," nikasema. "Mtoto aliyelelewa hapa amelelewa vizuri. Nyumba hii naijua."

"Na neno lake?"

"Ni neno," nikasema, nikaketi.

Wakapiga makofi kidogo, wakaanza habari za ng'ombe. Kwa hiyo sasa na mimi nimewapa watu kitu nilichojua kina mikwaruzo, mbele ya mashahidi, na sitasema nilifanya hivyo kwa msamaha. Nilifanya kwa ajili ya sinia lile. Lakini nilipoketi nilijua jinsi inavyokuwa, kumpa mtu kitu na kuomba moyoni kwamba asiangalie.

Alinifuata mpaka njia panda, nilipongojea gari. Alitembea nyuma yangu hatua chache, kama dereva.

"Asante, rika."

"Sikukufanyia wewe."

"Najua." Akasimama. "Kuna ingine. Ndogo, ya macho mawili. Bosi aliacha ndani ya gari. Hiyo sijaosha. Haina bei, nataka tu ukae nayo."

Nilitaka kumwacha pale. Badala yake nikamuuliza kama ameangalia ndani yake.

"Nimeangalia."

"Uliona nini?"

Alifikiri. Niliona anatafuta, na niliona anaacha kutafuta.

"Mwezi," akasema. "Ni ule ule. Umekuja tu karibu kidogo. Uko na madoa."

Gari lilikuwa limewasha taa juu ya kilima.

"Basi kaa nayo wewe," nikamwambia. "Angalia kila siku kukiwa wazi. Halafu unipigie uniambie umeona nini, lakini usiniambie kitu hujaona."

"Utashika simu?"

Nikapanda gari. Alipiga wiki iliyopita, saa moja jioni, mvua ikinyesha kwetu. Simu ililia mezani mpaka mke wangu akaacha kula akaniangalia. Nilishika. Akasema ni wazi huko Ndanai, na kwamba ameangalia nusu saa, na hajaona kitu.

"Hakuna kitu kabisa?"

"Hakuna. Nyota tu."

Nikasema nimesikia, nikakata.